Wageni wa Chupa ya Jamu

Kivuva hakuwa hata amemaliza kunawa mikono alipoanza kuisimulia ile hadithi. Tulikuwa tumekaa Kenyatta Market, mimi, yeye na wajukuu wake watatu, tunangoja nyama ikatwe, na kwa vile alivyovuta pumzi na kuwatazama watoto mmoja mmoja nilijua inakuja. "Huyu nyanya mnayemwona hapa," akasema, "alikuwa na mjomba. Mjomba wa jikoni! Sasa siku ya mtihani..." Nikageuza macho nikaangalia ubao wa nyama. Kivuva husimulia vizuri, sitamnyima hilo. Anajua mahali pa kunyamaza, na sauti ya mjomba wangu anaiiga barabara kuliko ninavyoikumbuka mimi mwenyewe, kwa sababu aliipata kwangu. Alipofika kwenye "ati alidhani wana njaa!" watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Muuza kachumbari naye akacheka, na mwanzo wala hakuwa ameusikia. Mimi nilitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.

Sina ugomvi na Kivuva. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na kitu, tukakutanishwa na matanga ya mwenzetu, na katika wale wanafunzi wanne wa zamani sasa tumebaki sisi wawili. Mtu wa namna hiyo humgombezi kwa sababu ya kicheko. Tena hadithi yake si ya uongo, kila neno alilosema lilitokea. Ila inakatika mapema. Inakatika saa tano asubuhi, ndani ya chumba cha mtihani, watu wakicheka, na mimi ndiye niliyeikata hapo, siku ileile, kwa mdomo wangu mwenyewe. Yaliyofuata jioni sijamwambia mtu. Mume wangu amekufa hajayajua. Tangu nitoke pale sokoni nimekaa na hasira ya kujikasirikia, na kwa umri wangu hasira inapandisha presha, basi heri niyaseme yaishe.

Ulikuwa mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya hamsini, hali ya hatari haijaondolewa, na Mwafrika kutembea Nairobi bila karatasi mfukoni ilikuwa kama kutembea bila nguo. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilichukuliwa kusomea usaidizi wa maabara katika chuo kidogo kilichokuwa ghorofa ya juu ya jengo moja katikati ya mji, pale ambapo ukifungua dirisha ulisikia honi za magari na makarani wakisalimiana kwa kelele. Tulikuwa wanne, wanaume watatu na mimi. Wanaume walipewa vitanda hosteli. Mimi niliambiwa waziwazi kwamba kitanda cha mwanamke hakipo kwa sababu mwanamke hajawahi kuwepo, na kwamba nimechukuliwa kwa majaribio tu. Miezi sita, kisha mtihani wa vitendo. Nikishinda, ninaendelea mpaka mwisho. Nikishindwa, ninarudi kwetu, na kule kwetu kulikuwa na mzee wa kanisa aliyefiwa na mke, ana watoto watano na ng'ombe wa mahari wamefungwa tayari. Kila asubuhi nilipokuwa nikipanda zile ngazi nilimwona huyo mzee na ng'ombe wake, nikaongeza mwendo.

Mahali pa kulala nilipewa na mjomba wangu Zakayo, mdogo wa mama yangu, aliyekuwa akifanya kazi Parklands kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye wafanyakazi wote wa mtaa ule walimwita Mama Kanta. Alikuwa mwanamke mfupi wa sari nyeupe, mwenye funguo kiunoni na macho ya kuona vumbi kupitia ukutani. Mjomba alipomwomba ruhusa ya kukaa na mimi katika chumba chake cha nyuma, alifikiri siku nzima ndipo akajibu. "Msichana iko ruhusa," alisema. "Lakini posho iko ya mtu moja, Zakayo. Moja." Chumba chenyewe kilikuwa cha hatua nne kwa tatu. Mjomba alitundika blanketi katikati, mimi nikapewa upande wa dirisha, yeye akabaki mlangoni na stovu ya mafuta ya taa, masufuria mawili na kiatu kimoja cha akiba ambacho sikupata kujua mwenzake alikwenda wapi. Jioni harufu ya samli na bizari ilitoka jikoni kwa Mama Kanta ikavuka ua na kutuingilia bila hodi. Nyama haikuruhusiwa kuvuka geti lile, wala yai. Mjomba alisema miezi miwili ya kwanza aliota kuku.

Tulikula saa kumi na mbili na nusu, akishamaliza kuosha vyombo vya mchana. Ugali, maharagwe, na siku nyingine mrenda aliouchuma kandokando ya uzio, maana mjomba hangeweza kupita karibu na mboga ya kwetu akaiacha ikizeeka. Alipika yeye. Alipakua yeye, sahani moja, akaniwekea mbele juu ya sanduku. Kisha akaenda kukaa kizingitini na kitu cha kushona mkononi. "Mjomba, mbona huli?" niliuliza siku za mwanzo. "Kula, mama. Mimi nimekula jikoni." Mama ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nilipewa jina la bibi yangu, mama yake. Nami nikala. Nilikula nikimwazia yeye amesimama kule jikoni na chapati za samli, dengu, maziwa ya mgando, na wallahi nilimwonea wivu. Nilisema moyoni, huyu mzee anakula kihindi kila siku halafu mimi ananipa maharagwe! Baada ya wiki mbili sikuuliza tena.

Chuoni tulifundishwa na Bwana Pinto, Mgoa mwembamba aliyevaa koti jeupe lenye madoa ya rangi zote. Darasani alifundisha Kiingereza kitupu, lakini akisisimka Kiswahili chake kilimtoroka. Aliamini kwamba anayetaka kujua tumbo la binadamu aanze na kiumbe asiye na tumbo la maana. Kwa hiyo kila mmoja wetu alipewa mnyama mdogo wa majini amtunze, amjue, na siku ya mtihani aonyeshe anavyokula. Kivuva alipewa minyoo bapa, wanaotoa koo lao nje katikati ya tumbo kama mtu anayekunywa kwa mrija. Wengine wawili walipewa viumbe wasioonekana bila darubini. Mimi nilipewa haidra. Bwana Pinto aliwatoa kwenye kidimbwi chenye mayungiyungi, wamejishika chini ya majani, na mara ya kwanza niliona vipande vya uzi tu. "Ngoja," akasema. "Wewe hapana sema, angalia tu." Akadondosha kiroboto wa maji, mdudu mdogo anayerukaruka kama chembe ya mchele iliyopata wazimu. Ule uzi ukajinyoosha. Juu yake kulikuwa na mdomo, na mdomo umezungukwa na minyiri sita. Kiroboto akagusa mnyiri mmoja na papo hapo akatulia, amechomwa. Minyiri mingine ikamkunjia, mdomo ukapanuka kuliko nilivyodhani unaweza, na kiroboto mzima akaingia. Nilimwona ndani, kwa maana haidra unaona mpaka ndani yake, amekaa kama mimba.

Nitaeleza kidogo yanayofuata, kwa sababu nimeishi nayo maisha yangu yote na sijachoka kuyashangaa. Haidra ni mfuko. Ana ukuta wa tabaka mbili tu, la ndani na la nje, na katikati uwazi. Hana damu, hana ini, hana utumbo. Kiroboto akiingia, seli fulani za tabaka la ndani humwaga maji makali yanayomlainisha mpaka avunjike vipande vidogovidogo. Seli nyingine zina vijimkia vinavyokoroga, kama mtu anayekoroga uji usishike. Halafu kila seli ya ndani hujimegea kipande, hukimeza kizima, na kukimalizia kukisaga humohumo ndani yake. Na tabaka la nje, lile linalochoma na kuwinda, lenyewe halioni chakula kamwe. Hungoja wa ndani wasage, kisha virutubisho hupenya taratibu kutoka seli hadi seli mpaka vinawafikia walio nje. Mwisho kabisa ganda la kiroboto, lisilofaa kitu, hutemwa kwa mdomo uleule, kwani mlango ni mmoja. Viroboto wangu walikuwa na wekundu kidogo, na haidra akishakula vizuri ule wekundu ulisambaa mwilini mwake wote, mpaka kwenye unyayo. Ukiuona unajua kila mtu wa nyumba ile amepata.

Siku moja Bwana Pinto alileta chupa nyingine, ya haidra ambao hawakulishwa wiki kadhaa. Alituuliza tunaona nini. Kivuva akasema hawa ni watoto. "Hapana!" akapiga meza. "Hawa iko wazee!" Walikuwa wamepungua. Haidra asipopata chakula hafi upesi, hujila mwenyewe kidogo kidogo, na ajabu yake ni kwamba umbo halibadiliki. Mdomo upo, minyiri ipo, kila kitu kipo mahali pake, ila kidogo kuliko jana. Ndiyo maana, alisema, asiyepima hawezi kujua. Akatupa karatasi zilizopigwa mistari ya milimita tuziweke chini ya chupa zetu, tupime kila asubuhi na kuandika. Nilipima. Miezi sita, sikukosa asubuhi hata moja ya chuo. Nilikuwa hodari wa kupima, hata Kivuva atakuambia.

Sasa nikumbuke niliyoyaona nisiyapime. Jumapili moja mjomba alikaa kizingitini akipasha msumari kwenye moto wa stovu, akatoboa mkanda wake tundu jipya. Nikamwuliza mkanda umekuwaje. "Umelegea. Ngozi za Nairobi hazina nguvu," akasema, na mimi nikarudi kwenye daftari langu. Wiki chache baadaye alitoboa tundu jingine. Na asubuhi moja, ninafua chini ya dirisha la jikoni, nilimsikia Mama Kanta ndani. "Zakayo, wewe nakonda sana. Iko mgonjwa?" Mjomba akajibu, "Hapana, mama. Ni mwili tu." "Iko minyoo," akasema Mama Kanta. "Kunywa dawa." Nilicheka pale kwenye karai, kwa sababu kwangu mimi wakati huo minyoo ilikuwa mali ya Kivuva. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Msemo huu nilikuwa nikiusikia tangu utotoni, na siku zote nilidhani unasema juu ya matajiri.

Wiki ya mtihani ikafika. Ungefanywa Jumatatu, na mkaguzi angekuwa daktari mmoja wa Kizungu aliyesemwa kuwa hapendi mchezo. Ijumaa Bwana Pinto akanionya mara tatu, kidole hewani. "Rasoa, kutoka leo hapana kulisha! Jumamosi hapana. Jumapili hapana. Haidra kama nashiba, nalala. Weka kiroboto mbele yake, hapana shika. Wewe nataka yeye na njaa kabisa." Chuo kingefungwa Jumamosi mchana mpaka Jumatatu, kwa hiyo kila mtu alibeba mnyama wake. Jumamosi mchana nilitembea kutoka mjini mpaka Parklands na kikapu chenye chupa mbili za jamu zilizojaa maji ya kidimbwi, haidra katika moja, viroboto katika nyingine. Njiani askari akanisimamisha. Alifungua kikapu, akainua chupa, akaona vitu vinarukaruka, akairudisha upesi. Siku zile chupa ya maji ya ajabu ilitosha kumlaza mtu ndani. "Hii ni dawa ya nani?" "Si dawa, afande. Ni wanyama wa shule." "Wanyama!" Akanitazama kuanzia kiatu hadi kitambaa cha kichwa. "Wanakula watu?" Nikasema hapana. "Basi ondoka nao," akasema, na alirudi nyuma hatua mbili nipite.

Niliziweka chupa kwenye rafu ya dirisha, kandokando. Mjomba alipoingia alisimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu anayetazama picha za maharusi.

"Hawa ndio wageni?"

"Ndio, mjomba."

"Wanakula nini?"

"Wale wa chupa ile nyingine." Nikashusha sauti, maana Mama Kanta angejua kwamba ndani ya geti lake mnyama anamla mnyama, sote wawili tungelala barabarani.

"Na mbona hujawapa?"

"Lazima wakae na njaa mpaka Jumatatu."

"Wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, mjomba. Ni mtihani."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi usiwawekee chakula mbele ya macho."

"Hawana macho."

"Wewe unajuaje?" akasema, akaisogeza chupa ya viroboto mpaka mwisho wa rafu. Kwetu mgeni haulizwi kama ana njaa. Kumwuliza ni kama kumwambia ningefurahi ukisema hapana. Unaweka chakula, unatazama pembeni, na mgeni anakula. Mjomba Zakayo aliishi Nairobi miaka mingi, akajua kusema "chai tayari" kwa lugha nne, lakini jambo hilo halikumtoka. Jumamosi yote iliyobaki nilimwona akitupia macho ile rafu. Jumapili nilikwenda kanisani, kisha kwaya, nikarudi jioni nimechoka, nikala, nikalala bila kuangalia.

Jumatatu alfajiri nikachukua kikapu. Chupa ya viroboto ilikuwa maji matupu. Ile nyingine, haidra wangu kumi na wawili walikuwa wamening'inia wanene, wamevimba, minyiri imelegea, kila mmoja na kirundo chekundu tumboni. Mjomba alitoka upande wake wa blanketi anatabasamu.

"Nimewapa chakula wageni wako. Jana, ukiwa kanisani. Wamekula, mama! Mmoja amemeza watatu!"

"Nani alikutuma?"

Tabasamu likabaki usoni pake bila kazi. "Ilikuwa siku ya pili hujawapa kitu. Nilidhani wana njaa."

"Wewe hujui kitu!" nikamwambia. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, mtu ambaye kwa mila yetu singeweza hata kumpita njiani bila kuinama kidogo. "Hujui kitu! Umenimaliza! Leo nitarudishwa nyumbani kwa sababu yako!" Yeye alichukua kikapu akanifungia kifuniko vizuri, maji yasimwagike, akanipa. Nilimpokonya, nikaenda.

Kule mtihani ulianza na Kivuva, minyoo yake ikala ini kama imelipwa. Zamu yangu ilipofika, Bwana Pinto aliinama juu ya chupa, akainuka amekuwa rangi ya majivu. Akanichotea viroboto wachache kutoka beseni lake, nami nikawadondosha mmoja mmoja mbele ya mkaguzi. Wakagonga minyiri, wakarukaruka zao, wakaondoka salama. Mkaguzi akatazama saa. Mimi nikamwona mzee wa kanisa anafungua zizi la ng'ombe. Na hapo hapo, chini ya lenzi, haidra mmoja akafungua mdomo taratibu, akatema ganda tupu la kiroboto, jeupe, limenyonywa lisibaki kitu. Sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema, "Bwana, hawa wamelishwa jana. Siwezi kukuonyesha wanavyoanza kula. Ninaweza kukuonyesha wanavyomaliza." Nikaanza kutoka mwisho kurudi mwanzo. Hili ganda ndilo lisilofaa. Lililofaa liko hapa. Tazama wekundu huu, jana ulikuwa uwazini, leo uko ukutani. Huyu aliyekula wa kwanza umemfika mpaka unyayo, na huyu aliyechelewa bado umekaa tumboni. Tabaka la ndani limeshika, la nje linapokea. Mkaguzi akainama. Akaangalia muda mrefu. Akasema hajawahi kuona mtahiniwa akionyesha ufyonzaji, wote huonyesha kuwinda. Kisha akauliza, kwa upole tu, ni nani aliyewalisha.

Ningeweza kusema ni mimi. Ningeweza kusema ni mtu wa nyumbani. Lakini nilikuwa nimeshaonja kwamba nimepona, na mtu aliyepona hupenda kuchekesha. "Mjomba wangu, bwana," nikasema. "Yeye ni mtu wa jikoni. Hakusoma." Nikaweka mikono nyuma, nikatoa tumbo mbele, nikaiga sauti yake nzito yenye lafudhi ya kwetu: "Nilidhani wana njaa!" Mkaguzi alicheka. Bwana Pinto alicheka kwa kushusha pumzi, wanaume watatu wakaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Hapo ndipo hadithi ya Kivuva inapoishia. Nilipita.

Nilirudi Parklands mchana, njia nzima nikiimba. Mama Kanta alikuwa uani anaanika pilipili juu ya shuka. Akaniuliza mtihani, nikamwambia nimepita, akasema "Bahut acha," yaani vizuri sana, na kwa furaha yangu nikataka kumsifu naye. Nikamshukuru kwa kumtunza mjomba, kumpa chakula kila jioni kule jikoni.

Akasimama na pilipili mkononi. "Chakula gani?"

"Anachokula jikoni, mama. Jioni."

"Jikoni yangu?" Hakuwa amekasirika, alishangaa tu. "Jikoni yangu hakuna mtu nakula. Hata mimi. Chakula kwanza naenda kwa Mungu, baadaye kwa meza. Zakayo najua. Miaka kumi na moja, hata kuonja chumvi yeye hapana onja." Akanitazama, na nadhani alianza kuhesabu kichwani. "Mimi natoa posho ya mtu moja," akasema taratibu. Kisha akageuka kwenye pilipili zake, akazipanga upya zilizokuwa zimepangika.

Niliingia chumbani nikakaa juu ya sanduku. Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakavuma. Miezi sita posho ile ya mtu mmoja niliila mimi, naye sijui alijishikiza kwa nini, labda ukoko wa sufuria. Nilikuwa na daftari zima la vipimo, asubuhi kwa asubuhi, kwa milimita, la viumbe kumi na wawili wa chupa ya jamu, na mtu aliyekuwa akipungua hatua mbili kutoka kitandani kwangu sikumwona, kwa sababu mdomo ulikuwepo, mikono ilikuwepo, na kila kitu chake kilikuwa mahali pake. Chakula kilikuwa mbele yake kila siku, cha Mama Kanta upande mmoja, changu upande mwingine. Yeye alijua vizuri ilivyo kukitazama.

Saa kumi na mbili na nusu akaja, akapika, akapakua sahani moja, akaniwekea. Akaelekea kizingitini.

"Mjomba, kula."

"Nimekula jikoni, mama."

"Jikoni kwa Mama Kanta hakuna anayekula."

Akasimama pale akinipa mgongo. Nje, mtoto wa jirani alikuwa akigongesha fimbo kwenye uzio, ta ta ta ta. "Nani amekuambia?"

"Mwenyewe. Na mimi sili mpaka ule."

"Utalala njaa."

"Nitalala."

Alijaribu kucheka, ikakataa. Mwishowe alirudi, akanawa mikono, akaketi upande wa pili wa sanduku, nami nikasukuma sahani katikati. Tonge la kwanza alilimega dogo, la heshima. La pili halikuwa dogo. Alikula amegeuka upande kidogo nisimwone vizuri, na mimi nikatazama dirisha, kama tunavyomfanyia mgeni. Machozi yalinitoka nikayala pamoja na maharagwe. Tangu siku ile tulikula sahani moja, na kuanzia wiki iliyofuata posho ya Mama Kanta ilikuja imezidi, naye hakuwahi kusema neno.

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimelitafuta neno tangu mchana, na nilipolipata tu yeye akaniwahi, mdomo umejaa.

"Na mtihani?"

"Nimepita, mjomba."

"Wageni walifanya kazi?"

"Walikuwa wameshiba. Ndiyo maana nimepita." Na hilo lilikuwa kweli.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nilijua. Mwenye njaa utamwambia afanye nini?" Akatafuna. "Wale wakubwa, uliwaambia ni mimi niliyewalisha?"

"Niliwaambia."

"Wakasema nini?"

Aliniuliza akinitazama usoni, mdomo na minyiri na kila kitu, mtu mzima aliyebaki nusu.

"Walisema asante, mjomba."

"Basi ni watu wenye adabu," akasema, akamega tonge lingine.